Kalamu mkononi mwa nani? Historia ya barua ya kuomba kazi

Mwanzoni mwa miaka ya 1480, fundi mmoja kutoka Florence, aliyekuwa na umri wa miaka 30 hivi, alitayarisha barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan.

Fundi huyo alikuwa Leonardo da Vinci. Alizaliwa nje ya ndoa na hakupata elimu ya chuo kikuu. Leo ulimwengu unamfahamu zaidi kama mchoraji, lakini katika barua hiyo uchoraji umetajwa karibu na mwisho, kama jambo la nyongeza.

Yaliyotangulia ni yale ambayo mtawala mwenye maadui angependa kuyasikia. Leonardo aliyapanga kwa nambari: madaraja mepesi ya kubebeka, namna ya kukausha maji ya mahandaki yanayozunguka ngome, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa, na njia za chini kwa chini zinazochimbwa bila kelele. Wakati wa amani, aliongeza, angeweza kujenga majumba, kupitisha maji kutoka mahali hadi mahali, kuchonga sanamu na kuchora. Na iwapo lolote kati ya hayo lingeonekana haliwezekani, alikuwa tayari kulijaribu mbele ya mtawala mwenyewe.

Nakala iliyobaki imehifadhiwa katika maktaba ya Ambrosiana mjini Milan. Mwandiko wake si wa Leonardo, na hakuna uthibitisho kwamba barua hiyo ilimfikia Sforza. Lililo wazi ni kwamba Leonardo alihamia Milan, akafanya kazi huko hadi mwaka 1499, na huko ndiko alikochora picha mashuhuri ya Karamu ya Mwisho.

Mara nyingi barua hii huitwa wasifu wa kwanza duniani. Sifa hiyo imepita kiasi, kwani watu walikuwa wakiomba kazi kwa maandishi muda mrefu kabla ya hapo. Umuhimu wake uko kwingine: ndani yake mtafuta kazi anajieleza mwenyewe.

Kwa sehemu kubwa ya historia haikuwa hivyo. Habari za mtu anayetafuta kazi ziliandikwa na mtu mwingine, aliye juu yake. Historia ya barua ya maombi ya kazi, kwa hiyo, ni historia ya kalamu inayohama polepole kutoka mkono wa mwajiri hadi mkono wa mwombaji. Waswahili wanayo sehemu yao katika historia hiyo.

Barua ya bwana

Katika Uingereza ya karne ya 18, mtumishi wa nyumbani aliyetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine hakuandika juu ya uwezo wake. Alihitaji barua kutoka kwa bwana au bibi aliyemtumikia, iliyoeleza kwamba ni mwaminifu, si mlevi, na anaijua kazi yake. Waingereza waliiita barua hiyo "tabia" ya mtumishi, kwa neno lile lile wanalolitumia kutaja mwenendo wa mtu.

Bila barua hiyo, mlango ulifungwa. Na sheria haikumlazimisha mwajiri kuiandika. Mpishi aliyekosana na bibi wa nyumba katika wiki ya mwisho aliweza kuondoka mikono mitupu baada ya utumishi wa miaka mingi.

Haishangazi, basi, kwamba kulizuka biashara ya barua za kughushi. Mwaka 1792 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria maalumu dhidi yake. Aliyejifanya mwajiri ili kumsifu mtumishi kwa uongo, na mtumishi aliyeitumia barua hiyo, wote waliweza kutozwa faini ya pauni 20. Watumishi wengi wa wakati huo hawakupata kiasi hicho kwa mwaka mzima.

Kujuana serikalini

Kwa kazi za serikali, tatizo lilikuwa la namna nyingine. Nafasi ziligawiwa kwa undugu na kujuana. Mwaka 1854 Stafford Northcote na Charles Trevelyan walitoa ripoti iliyopendekeza kwamba watumishi wa serikali ya Uingereza wapatikane kwa mitihani ya wazi. Tume ya kusimamia jambo hilo iliundwa mwaka 1855, na kuanzia mwaka 1870 mashindano ya wazi yakawa kanuni katika idara nyingi.

Nchini Marekani mabadiliko yalikuja baada ya damu kumwagika. Huko, kila rais mpya alipoingia madarakani, maelfu ya wafuasi wake walifika Washington kudai kazi. Mmoja wao mwaka 1881 alikuwa Charles Guiteau, mtu aliyeamini kwamba hotuba aliyoiandika ndiyo iliyompa James Garfield ushindi. Aliandika barua baada ya barua akiomba kuwa balozi mdogo, kwanza Vienna, kisha Paris. Waziri wa Mambo ya Nje, James Blaine, hatimaye alimkemea asimtajie tena habari za Paris.

Tarehe 2 Julai 1881, Guiteau alimpiga risasi Rais Garfield katika kituo cha treni mjini Washington. Rais alifariki dunia mwezi Septemba, na Guiteau alinyongwa mwaka uliofuata. Mwezi Januari 1883 ilitiwa saini sheria ya Pendleton, iliyoanza kuzitoa kazi za serikali ya Marekani kwa mitihani badala ya upendeleo.

Kutokana na mabadiliko hayo likajengeka wazo ambalo leo linaonekana la kawaida: kwamba mtu asiyejulikana na yeyote anaweza kuomba nafasi, akapimwa kwa anachokijua.

Kipande shingoni

Wazo hilo halikuvuka bahari pamoja na serikali ya kikoloni. Nchini Kenya, sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na Vita Vikuu vya Kwanza, na ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi alitakiwa kubeba hati iliyokuja kujulikana kama kipande. Wengi waliibeba ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni kwa kamba.

Kwa namna fulani, kipande kilikuwa wasifu. Kilionyesha jina, kabila na alama za vidole. Kilionyesha mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kumaliza. Tofauti ni kwamba mwenye kipande hakuandika hata neno moja ndani yake.

Mwajiri ndiye aliyejaza, na mwajiri ndiye aliyetia saini ya kumruhusu mfanyakazi kuondoka. Aliyeondoka bila saini hiyo alihesabiwa mtoro, akaweza kusakwa na kushtakiwa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa mshahara wa zamani ulikuwa umeandikwa, mwajiri mpya aliweza kuutumia kama kipimo cha kumlipa kidogo mtu yule yule.

Jambo hili la mwisho halijaisha. Mwaka 2016, karibu miaka mia moja baadaye, jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha sheria ya kumzuia mwajiri kumuuliza mwombaji alikuwa akilipwa kiasi gani kabla ya kumpa kazi. Majimbo mengine yalifuata.

Kipande kilichukiwa mno. Harry Thuku, aliyekuwa mpokea simu katika idara ya hazina mjini Nairobi, alikifanya kuwa moja ya malalamiko makuu katika mikutano yake ya mwaka 1921, pamoja na kodi na kazi ya kulazimishwa. Alikamatwa mwezi Machi 1922. Umati ulipokusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, ulipigwa risasi. Serikali ilikiri vifo vya watu 21, na wengine walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Miongoni mwao alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewachochea wanaume wasirudi nyuma.

Ilikuwa hadi mwaka 1947 ndipo ilipopitishwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Neno lenyewe halikufa. Hadi leo Wakenya wengi wanapozungumza juu ya kitambulisho cha taifa hukiita kipande.

Karani anajiandikia

Mwaka huo huo wa 1922, upande wa pili wa mpaka, kundi jingine la wafanyakazi lilikuwa limeshika kalamu. Mjini Tanga, makarani na walimu walianzisha Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika.

Tanga ilikuwa na sababu ya kuwa na watu wa namna hiyo. Wajerumani walifungua shule ya serikali hapo katika miaka ya 1890, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya ofisi zao, na wakahitaji makarani wa kuandika. Waingereza walipoingia, waliwakuta watu wanaojua kusoma, kuhesabu na kutunza majalada.

Kiongozi wa chama hicho alikuwa Martin Kayamba. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma shule ya misheni ya Kiungani, na akafanya kazi katika zaidi ya nchi moja ya Afrika Mashariki. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alifungwa na Wajerumani. Baadaye akawa karani wa serikali ya Uingereza mjini Tanga, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge.

Mwaka 1936 maelezo ya maisha yake, yaliyoandikwa naye mwenyewe, yalichapishwa katika kitabu cha Margery Perham kiitwacho Ten Africans. Hiyo haikuwa barua ya kuomba kazi. Hata hivyo ndani yake yumo Mwafrika aliyeajiriwa akitaja shule zake, kazi zake na safari zake kwa mpangilio alioutaka yeye, wakati ambapo ng'ambo ya mpaka wenzake walikuwa bado wanavaa kipande.

Salamu, mada na haya

Waswahili hawakufundishwa kuandika barua na ukoloni. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa kwa hati za Kiarabu, kuanzia mwaka 1711, na zimehifadhiwa Goa, India. Desturi ya barua za pwani ilikuwa na adabu zake: jina la Mungu, heshima za anayeandikiwa, salamu ndefu, na ndipo haja ikafuata.

Barua ya kuomba kazi iliyofundishwa shuleni ilikwenda kinyume na desturi hiyo. Iliondoa salamu na kuweka kichwa cha habari. Nchini Tanzania mwanafunzi alifundishwa kuandika "YAH: MAOMBI YA KAZI". Mwenzake wa Kenya alifundishwa kuandika "MINT", ufupisho wa mintarafu. Vizazi vizima viliijua barua hiyo kwa moyo, pamoja na maneno ya kufungia yanayosema kwamba mwombaji atashukuru endapo ombi lake litakubaliwa.

Hapo ndipo penye kikwazo ambacho wengi hukutana nacho wanapohamia Ulaya, Marekani au Ghuba. Barua ya shuleni ni ombi. Mwandishi anainama. Mwajiri wa Chicago au London hasomi ombi, anasoma hoja: kwa nini mtu huyu na si mwingine.

Na kujisifu kwa Waswahili ni aibu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo wahenga walivyosema. Mtu aliyelelewa na methali hiyo huona uzito kuandika kwamba yeye ni hodari. Matokeo yake huandika kidogo mno, au hukimbilia maneno makubwa ya kunakili yasiyo na chochote ndani.

Lakini methali yenyewe ina jibu. Chema hujiuza kinapoonekana. Kazi ya barua ni kukionyesha.

Jina lililo juu ya karatasi

Ingekuwa si haki kusema kwamba kalamu nzuri inatosha. Katika miaka ya 2001 na 2002, wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma wasifu wa kubuni zipatazo 5,000 kujibu matangazo ya kazi katika miji ya Boston na Chicago. Baadhi ziliwekewa majina yanayohusishwa na Wazungu, kama Emily na Greg. Nyingine zilipewa majina yanayohusishwa na Wamarekani weusi, kama Lakisha na Jamal.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba mwenye jina la kundi la kwanza alihitaji kutuma wasifu 10 hivi ili aitwe mara moja. Mwenye jina la kundi la pili alihitaji 15. Tena, kuongeza ujuzi na uzoefu kwenye karatasi kuliwafaa sana wale wa kwanza, na kuliwafaa kidogo tu wale wa pili.

Kwa mtu anayeitwa Juma, Mwanaisha au Wanjiru, hizo si takwimu za mbali. Nchini Uingereza, Waziri Mkuu David Cameron alitangaza mwezi Oktoba 2015 kwamba utumishi wa serikali na baadhi ya taasisi kubwa zingeficha majina ya waombaji katika hatua ya mwanzo. Hatua hiyo haikuondoa upendeleo wote, lakini ilikiri jambo ambalo wahamiaji walikuwa wakilisema kwa miaka mingi.

Ghuba: karatasi ya wakala

Katika nchi za Ghuba, historia ya kalamu ina sura mbili.

Ya kwanza ni ya wale waliorudi Oman kutoka Zanzibar na sehemu nyingine za Afrika Mashariki, hasa baada ya Sultani Qaboos kuingia madarakani mwaka 1970. Nchi ilihitaji watu waliosoma, na wengi kati yao walijua Kiingereza na kazi za ofisi. Elimu yao iliwafungulia milango ya wizara na ya sekta ya mafuta.

Ya pili ni ya maelfu ya wanawake wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani kupitia mawakala. Mara nyingi wakala ndiye anayetayarisha karatasi inayomfikia mwajiri: picha, umri, dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto, lugha na uzoefu. Mwenye picha huenda asijue kilichoandikwa chini yake. Akiandikiwa kwamba anajua kupika chakula cha Kiarabu au kutunza mgonjwa, naye hajui, lawama zitamwangukia yeye.

Katika baadhi ya nchi hizo, mfanyakazi wa kigeni alihitaji pia barua ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi ndipo ahamie kazi nyingine. Qatar iliondoa sharti hilo mwaka 2020. Oman ililiondoa kuanzia Januari 2021 kwa wafanyakazi waliomaliza mikataba yao, ingawa wafanyakazi wa nyumbani wana kanuni zao tofauti. Anayekijua kipande hawezi kushindwa kuona ufanano, japokuwa nyakati na sheria si zile zile.

Msomaji asiye mtu

Mtandao wa intaneti ulibadilisha njia, na baadaye ukabadilisha msomaji. Tovuti ya Monster ilianza mwaka 1994, na LinkedIn mwaka 2003. Maombi yakawa mengi kuliko macho ya kuyasoma, na kampuni kubwa zikazikabidhi programu za kompyuta kazi ya kuyachuja.

Programu nazo hurithi kasoro za waliozifundisha. Mwezi Oktoba 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni ya Amazon ilikuwa imeiacha programu ya majaribio ya kupima wasifu. Ilikuwa imejifunza kutokana na maombi ya miaka kumi, mengi yakiwa ya wanaume, ikawa inazishusha daraja wasifu zilizotaja mambo ya wanawake.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu kama ChatGPT zimeanza pia kuwaandikia waombaji. Kwa mtu anayehangaika na Kiingereza cha kukopa, huo ni msaada wa kweli. Hatari ni kwamba barua elfu moja zinafika mezani zikiwa na sauti moja. Kalamu iliyogombaniwa kwa muda mrefu inatolewa tena, safari hii kwa hiari.

Kinachoifanya barua isomwe

Kutokana na historia hii, mambo machache yamebaki kuwa kweli tangu siku za Leonardo.

La kwanza ni kuanza na haja ya mwajiri. Leonardo alipenda uchoraji, lakini alimwandikia Sforza juu ya vita. Barua moja inayotumwa kwa waajiri arobaini bila kubadilishwa haimjibu hata mmoja wao.

La pili ni ushahidi mahali pa sifa. Kuandika "mimi ni mchapakazi" hakumwambii msomaji kitu. Kuandika kwamba kwa miaka minne ulisimamia ghala lenye wafanyakazi wanane, na hesabu zikafungwa kila Ijumaa, kunamwambia mengi bila kujisifu. Hapo hata mwenye haya hapati sababu ya kuona aibu.

La tatu ni kujua desturi ya mahali. Nchini Marekani wasifu wa kazi za kawaida huwa ukurasa mmoja, au miwili kwa mwenye uzoefu mrefu. Huko na Uingereza picha, umri, dini na hali ya ndoa havitajwi. Katika Ghuba picha bado huombwa mara nyingi. Cheti kilichotolewa Mwanza au Kisumu kielezwe kwa maneno ambayo mgeni ataelewa ni cha kiwango gani.

La nne ni ukweli. Uongo ulileta sheria mwaka 1792, na leo unaweza kumfutia mtu ajira hata baada ya kuajiriwa.

La tano linamhusu zaidi anayesafiri kupitia kwa wakala: aombe kusomewa karatasi yake, neno kwa neno, kabla haijatumwa, na abaki na nakala.

Kipande kilikuwa na nafasi ya mshahara, ya tarehe na ya saini ya bwana. Hakikuwa na nafasi ya kuandika alichokijua mtu aliyekibeba. Nafasi hiyo sasa ipo, na mwombaji ndiye anayepaswa kuijaza.